Nyumba ya Mchungwa Mmoja

Katika Bahari ya Mediterania, kati ya Sisilia na Tunisia, kiko kisiwa cha Italia kiitwacho Pantelleria, nacho ni kilele cha mlima wa moto uliotokeza majini. Majira yake yatawashangaza wakulima wetu. Kwetu Katanga mvua hufika pamoja na joto. Huko hunyesha wakati wa baridi, na jua liwapo kali mbingu hufungwa miezi mizima. Mto haupo, na upepo hauna huruma.

Basi, atakaye machungwa afanye nini? Wazee wa kisiwa walijenga ukuta wa mviringo, wa mawe meusi yaliyopangwa bila chokaa, pengine hata mita 4 kwenda juu, kuuzungushia mchungwa mmoja tu! Ni nyumba ya mti, naam, yenye mlango mdogo. Ukuta huzuia upepo na chumvi ya bahari, hutia kivuli mizizini, na usiku mawe yakipoa, umande hudondoka udongoni. Matawi hupunguzwa yasipite kimo cha ukuta. Jiwe likianguka hurudishwa mapema, maana upepo hautafuti zaidi ya tundu moja.

Mzabibu haujengewi nyumba: huchimbiwa shimo la sentimeta 20, hukatwa ubaki mfupi, upepo upite juu yake. UNESCO iliutambua ukulima huo mwaka 2014. Kazi huanza Novemba. Mavuno huanza mwisho wa Julai, na zabibu nyingine huanikwa juani kwa kufanya divai tamu.