Kupima Bahari kwa Miguu

Ukikaa barazani katika kijiji chochote cha pwani, utasikia watu wakisema kwamba bahari imechoka. Mzee atasema zamani alivua changu wakubwa karibu na ufuko. Kijana atasema samaki bado wapo, ila wavuvi wamezidi. Mama atasema pweza wa siku hizi ni wadogo. Kila mmoja anasema aliyoyaona. Lakini wakianza kubishana, hakuna anayemshinda mwenzake, maana ushahidi wa kila mtu umo kichwani mwake.

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Nilizaliwa bara, katika nchi ya mtama na ng'ombe. Nilisomea cheti, kisha nikapangiwa kazi katika mkoa wa Tanga. Sikuwa mvuvi, na hata sasa naingia baharini mpaka magotini tu. Haya ninayoeleza niliyaona katika kijiji kimoja ambako tuna darasa la kisomo. Wanakisomo wengi hapo ni akina mama wanaokwenda mwambani kwa miguu maji yakipwa, kutafuta pweza, kombe na chaza.

Mkoa wa Tanga hauanzi leo kupima bahari. Kwa miaka mingi watu walivua kwa baruti, na miamba mingi ya matumbawe ilivunjika. Mwaka 1994 ulianzishwa mpango wa kuhifadhi na kuendeleza ukanda wa pwani ya Tanga. Katika mpango huo, wanavijiji walifundishwa kupima miamba pamoja na wataalamu. Walizamia, wakahesabu samaki, wakaandika matumbawe yaliyo hai na yaliyokufa. Baadhi ya miamba ilifungwa kwa muda ili ipumzike.

Faida ya kupima ilionekana mwaka 1998. Mwaka huo maji ya bahari yalipata joto kupita kawaida. Tumbawe si jiwe, ni mnyama mdogo anayeishi kwa makundi na kujenga nyumba ya chokaa. Ndani ya mwili wake mna mimea midogo sana, isiyoonekana kwa macho, ambayo humpa chakula na rangi. Maji yakizidi joto, mimea hiyo humtoka. Tumbawe hubaki jeupe, na joto likiendelea hufa kwa njaa. Katika mwamba wa Tutia, kusini mwa kisiwa cha Mafia, sehemu kubwa ya matumbawe hai ilikufa mwaka huo. Mahali palipokuwa pamepimwa kabla ya 1998, watu waliweza kusema ni kiasi gani kimepotea. Mahali pasipokuwa na daftari, watu walibaki kusikitika tu. Joto la namna hiyo lilirudi mwaka 2016, na tena mwaka 2024.

Sasa nirudi kwenye darasa letu.

Kikundi cha kusimamia rasilimali za bahari hapo kijijini, ambacho wengi hukiita BMU, kilitoa pendekezo. Kilitaka mwamba wote wa karibu na kijiji ufungwe kwa miezi mitatu, mtu yeyote asikamate pweza. Sababu yao ilikuwa nzuri. Pweza hukua haraka sana, na maisha yake ni mafupi, kama mwaka mmoja au zaidi kidogo. Jike hutaga mayai mara moja tu, huyalinda shimoni bila kula, na yakianguliwa yeye hufa. Ukimwacha kwa miezi michache utamkuta ameongezeka uzito mara nyingi. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara nazo zinakataza kukamata pweza aliye chini ya gramu 500. Huko Madagaska, kijiji cha Andavadoaka kilifunga sehemu ya mwamba wake mwaka 2004 kwa ajili ya pweza, na baadaye vijiji vingi vya pwani ile vikafanya hivyo hivyo.

Lakini jioni hiyo akina mama hawakutaka kusoma. Walikuwa na hasira. Mama mmoja, mwenye wajukuu watano, alisema, "Mwalimu, mwenye ngarawa akifungiwa hapa atakwenda mbele. Mimi ngarawa yangu ni miguu hii. Miezi mitatu wajukuu wangu watakula nini?" Mwingine akaongeza neno ambalo sikuwahi kulifikiria. Alisema wataalamu waliopita hapo walikuja kwa boti na kupima mwamba wa nje, kwenye maji marefu. Maweni wanakotembea akina mama hakuna aliyepapima. "Wanafungaje mahali ambapo hawakupahesabu?"

Niliona swali hilo lina haki. Nilimwomba afisa uvuvi wa wilaya atufundishe namna ya kupima sehemu ya maji mafupi. Alikubali, akaja na karatasi zake, na tukasoma hesabu kwa kazi yenyewe.

Vifaa ni vichache. Tulichukua kamba ya mita 50, tukafunga fundo kila baada ya mita 5. Ukihesabu na fundo la mwanzo, unapata mafundo 11. Tukatengeneza fremu ya fito nne, kila upande nusu mita. Ndani ya fremu tukapitisha nyuzi, zikagawa nafasi hiyo katika vyumba vidogo 25, vitano kwa vitano. Basi, na penseli. Kalamu ya wino haifai, maji ya chumvi huifuta.

Kazi ilifanyika wakati wa bamvua, kwa sababu maji hupwa sana siku hizo. Kwetu bamvua ikiwa kubwa, saa nne asubuhi mwamba uko wazi. Unalaza kamba kutoka ufukoni kuelekea baharini. Kwenye kila fundo unaweka fremu. Unahesabu vyumba vyenye majani ya bahari, unazidisha kwa 4, unapata sehemu katika mia. Tuseme vyumba 15 vina majani. 15 mara 4 ni 60, kwa hiyo asilimia 60 ya fremu ina majani. Ukimaliza kamba ya kwanza, unasogea mita 25 pembeni na kulaza tena, kisha mara ya tatu. Kamba 3 mara mafundo 11 ni fremu 33. Mama aliyekuwa hajui kuzidisha mwezi uliopita alizidisha mara 33 asubuhi moja, huku maji yakimsubiri.

Majani ya bahari si takataka, kama wengine wanavyodhani. Tasi hula humo, samaki wadogo hujificha humo, na kasa hula humo. Majani yakiisha mchanga hauna kitu cha kuushika. Ndiyo maana tulianza nayo.

Kwa pweza, fremu ni ndogo mno. Hapo tulihesabu mashimo yaliyo ndani ya mita 2 kila upande wa kamba. Upana ni mita 4, urefu mita 50, kwa hiyo ni mita za mraba 200 kwa kila kamba. Na hapa akina mama walikuwa walimu. Mimi ningepita juu ya shimo la pweza mara mia nisilione. Wao huangalia makombe na magamba ya kaa yaliyotupwa mlangoni, kwa sababu pweza hula ndani na kutupa takataka nje. Wanajua shimo linalokaliwa na shimo lililohamwa. Afisa uvuvi mwenyewe alipiga magoti kutazama. Aliandika maelezo yao katika daftari lake.

Ubishi mkubwa ulitokea juu ya mahali pa kulaza kamba. Akina mama walitaka kuilaza palipo na mashimo mengi, ili wanakijiji waone kwamba mwamba wao una mali. Afisa alikataa. Nami nilielewa haraka, kwa sababu ya ukulima wa kwetu. Ukitaka kujua shamba litatoa magunia mangapi, huhesabu masuke ya mtama uliootea karibu na zizi, penye samadi. Ukihesabu huko tu, utajenga ghala kubwa na kulijaza hewa. Basi tuliamua kwamba mahali pa kuanzia patachaguliwa kwa kura. Tuliandika namba kwenye vikaratasi, mtoto akavuta. Kamba moja ikaangukia kwenye mchanga mtupu. Waliguna, lakini waliandika: sifuri, sifuri, sifuri. Kwa maoni yangu zile sifuri ndizo zilizofanya daftari liaminike.

Tulipima upande wa kusini wa mkondo na upande wa kaskazini. Kazi ilichukua bamvua mbili, maana maji yakianza kujaa hakuna mjadala, ni kutoka.

Mkutano wa kijiji ulifanyika chini ya mkungu. Yule mama mwenye wajukuu watano alisimama na daftari. Alisoma polepole, kidole juu ya mstari. Alieleza kwamba upande wa kaskazini, ambako watu hupita kila siku kuelekea bandarini, fremu nyingi zilikuwa na majani machache, na mashimo mengi ya pweza yalikuwa yamehamwa. Upande wa kusini majani yalikuwa mengi, na mashimo yanayokaliwa yalikuwa mengi kuliko kaskazini. Watu walimsikiliza kwa utulivu ambao sijauona katika mikutano mingi.

Kisha mzee mmoja mvuvi akauliza: "Nimekusikia, mama. Lakini mmepima mara moja. Mnajuaje kwamba kaskazini pameharibiwa na miguu ya watu? Pengine ni mawimbi ya kusi. Pengine pako hivyo tangu enzi za babu zetu."

Swali hilo lilikuwa zuri kuliko hotuba zote za siku ile. Kupima mara moja kunakuonyesha hali ilivyo leo. Hakukwambii imetoka wapi wala inakwenda wapi. Ili kujua, lazima upime tena mahali pale pale, kwa kamba ile ile, katika bamvua ya msimu ule ule, na ulinganishe sehemu mbili zinazotendewa tofauti. Mama hakujibu yote hayo. Alisema tu, "Hatujui, mzee. Ndiyo maana tunataka kupima tena. Njoo utushikie ncha ya kamba."

Watu walicheka, naye mzee akacheka. Baada ya maneno mengi, kijiji kiliamua kufunga upande wa kaskazini kwa miezi mitatu na kuacha upande wa kusini wazi, ili wanaokwenda kwa miguu wapate riziki. Pande zote mbili zitapimwa, kabla na baada. Baadhi ya vijana hawakuridhika. Walisema kufunga nusu ni kucheza, kwa sababu watu wote watasongamana kusini na kupamaliza. Hofu hiyo si ya bure, na daftari litaonyesha kama walikuwa na haki. Jambo jingine lililojadiliwa ni siku ya kufungua. Huko Madagaska ilitokea kwamba wageni wengi walifika siku ya kwanza na kuchukua karibu kila kitu. Kijiji kilikubaliana kwamba siku hiyo wataanza wenyeji, na kila pweza atapimwa uzito kabla ya kuuzwa.

Daftari limenakiliwa mara mbili. Nakala moja iko ofisi ya kijiji, nyingine darasani. Akina mama ndio waliodai hivyo. Walisema karatasi ya ofisini huweza kupotea viongozi wanapobadilika.

Upande wa kaskazini umefungwa kwa wiki tano sasa. Kusini watu wamekuwa wengi, kama vijana walivyosema, na wiki iliyopita kulikuwa na ugomvi mdogo juu ya shimo moja. Bamvua ijayo ni ya mwezi mwandamo. Mzee mvuvi ameahidi kuja. Kamba imekaguliwa, mafundo mawili yalikuwa yamelegea, yamefungwa upya.