Laini Isiyoshikika

Kadi ya simu ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, lakini katika safari ya ng'ambo uzito wake hushinda sanduku. Msafiri wa jana alipofika ugenini aliichokoa kwa ncha ya pini, akaiviringisha katika karatasi, akaitia mfuko wa ndani pamoja na pasipoti, akamwomba Mungu isipotee. Namba ya simu siku hizi ni mkoba wa fedha na ufunguo wa benki, tena ni jina ambalo wateja humjua mtu kwalo.

Kadi za kwanza zilitengenezwa mwaka 1991 na Giesecke & Devrient wa Munich. Mwaka 2016 GSMA, umoja wa makampuni ya simu duniani, ulitoa kanuni za kuiwezesha simu kupokea laini bila kadi. Laini hiyo ndiyo iitwayo eSIM. Chipu huungwa ndani ya simu kiwandani, kisha laini hushushwa humo kwa intaneti, mara nyingi kwa kuielekeza kamera kwenye picha ya mraba yenye madoadoa meusi.

Mathalani, mfanyabiashara wa Kariakoo amekwenda Guangzhou kutafuta vitasa, taa na vitambaa. Kazi yake huko ni ya macho na mdomo: hutazama, hupiga picha, huwapelekea wateja wa Dar es Salaam kwa WhatsApp, naye hungoja jibu kabla muuzaji hajamgeukia mnunuzi mwingine. Lakini China imeizuia WhatsApp tangu 2017. Akinunua laini ya Kichina huandikishwa kwa pasipoti, naye hupata intaneti yenye kasi ambayo haiwafikii wateja wake.

Laini ya kielektroni iliyonunuliwa nje ya China kwa kawaida haifungwi na kizuizi hicho, wala hapana uchawi. Hukodi minara ya China, lakini habari zake hupelekwa kwanza kwenye mitambo iliyo nje, pengine Hong Kong au Singapore, na huko ndiko zinakoingia katika intaneti ya dunia. Mnara ni wa mwenyeji, mlango ni wa kwingine. Laini yake ya Dar es Salaam nayo hupita njia ya namna hiyo, ila bei yake yaweza kuila faida ya vitasa kabla havijapakiwa melini.

Basi neema hii ina masharti, na wauzaji wake huyasema kwa sauti ndogo. Laini hushushwa kwa intaneti. Asiye na intaneti hawezi kuishusha. Mwenye kungoja mpaka atue uwanja wa ndege wa Guangzhou amekwenda kuomba moto kwa jirani asiyemjua. Heri aiweke simuni angali Dar es Salaam. Nyingi ya laini hizi hutoa data tu, hazina namba ya kupigiwa. Picha ile ya mraba mara nyingi hufaa mara moja. Anayeifuta laini akidhani anairekebisha huenda akalazimika kununua nyingine. Tena simu nyingi za bei nafuu hazina chipu hiyo kabisa. Hata iPhone nyingi zilizouzwa China bara tangu 2018 zilitengenezwa kwa kadi mbili za kushikika, bila uwezo huu. Mtu aweza kurudi na simu mpya nzuri, akaona safari ijayo kwamba ile kuukuu ilikuwa na manufaa zaidi.

Kadi ya nyumbani nayo haistahili kutupwa drooni. Kabla ya kuondoka, mwenyewe aiombe kampuni yake iifungue kwa matumizi ya nchi za nje, kisha azime data yake na kuiacha ipokee ujumbe. Siku atakayolipia mzigo, benki haitamtafuta kwa laini ya safari. Itatuma tarakimu chache za siri kwa namba ile ile ya Dar es Salaam, na muuzaji atakuwa amesimama mbele yake akingoja.