Shukrani Tuliyoificha

Wanaosali katika sharika zetu za huku chini ya Mlima Meru wanajua jinsi shukrani zinavyoletwa. Mmoja anakuja na mkungu wa ndizi, mwingine na jogoo aliyefungwa miguu, mwingine na bahasha. Mzee wa kanisa anasoma: familia fulani inamshukuru Mungu kwa mtoto kufaulu, kwa mama kujifungua salama, kwa safari ya Dar es Salaam. Ibada ikiisha, ndizi na jogoo wanapigwa mnada nje, na watu wanarudi nyumbani wakicheka. Jumapili moja sisi wa nyumba ya mchungaji tulitoa bahasha iliyoandikwa maneno mawili tu: "Shukrani, familia." Sababu hatukuiandika. Tuliona aibu, kwa maana tulikuwa tunamshukuru Mungu kwa ajili ya mbwa.

Mbwa huyo anaitwa Simba, ingawa hana lolote la simba. Ni mbwa wa kienyeji, rangi ya vumbi, sikio moja limekatika ncha. Alikuja kwetu akiwa mdogo ndani ya kikapu, na kwa miaka 6 amelala mlangoni petu. Tukichelewa kutoka msibani usiku, yeye ndiye anayetupokea kule barabarani na kutufikisha nyumbani.

Jioni moja ya Ijumaa aligongwa na pikapu. Dereva hakusimama. Binti yetu, aliyekuwa mwaka wa pili wa kipaimara, alimkuta mtaroni, akamfunga kwa kanga ya mama yake na kumbeba mpaka sebuleni. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa unaning'inia, na paja la pili limechanika vibaya.

Hapa lazima tuseme ukweli, maana kitabu hiki si mahali pa kujipaka mafuta. Tuliamua afe. Mmoja wetu, yule anayevaa kola, msimtafute mbali, alisema aitwe kijana wa jirani ammalize haraka asiteseke. Lakini teso la mbwa halikuwa sababu yetu kubwa. Tuliogopa macho ya watu. Wiki ile ile msharika mmoja alikuwa ameuza kuku wake wote apate fedha za dawa za mumewe. Mchungaji akionekana anakodi gari kumpeleka mbwa kwa daktari mjini, Jumapili atasimama madhabahuni na kusema nini?

Binti yetu hakupiga kelele. Aliuliza tu kama Simba yumo au hayumo katika vile viumbe vinavyotajwa kwenye maelezo ya Sehemu ya Kwanza ya Imani. Katekisimo Ndogo ya Luther imekuwapo tangu mwaka 1529, na sisi tumewafundisha watoto wengi kuikariri. Swali hilo hatukuwahi kuulizwa huku damu ikidondoka sakafuni. Tukanyamaza. Usiku tukampa mbwa kidonge chetu cha kutuliza maumivu, na alfajiri tukaomba gari la jirani.

Kliniki ile ina vyumba viwili nyuma ya maduka. Katika benchi palikuwa na mzee wa Kimaasai aliyempakata mwanambuzi, na kijana mwenye boksi la vifaranga. Daktari ni dada mdogo kuliko sisi, amejifunga mtandio, amesomea Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro. Swali lake la kwanza halikuhusu mguu. Aliuliza kama mbwa amechanjwa kichaa cha mbwa. Kwa neema ya Mungu kadi ilikuwapo. Alieleza kwa nini anauliza: dalili za ugonjwa ule zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kaburi. Ndugu msomaji, kama mbwa wako hajachanjwa, mpeleke wiki hii.

Kisha akamfunga Simba mdomo kwa kipande cha bendeji, maana mnyama mwenye maumivu humng'ata hata mwenyewe. Akambonyeza ufizi kwa kidole gumba, akatazama damu inavyorudi. Ilirudi taratibu. Akamtundikia dripu. Tulipotaja kile kidonge, alitukaripia kama watoto: dawa nyingi za binadamu za aina hiyo huharibu tumbo la mbwa na figo zake. Tulisema, "Samahani, daktari." Yeye akasema, "Bismillahi," akashika sindano, na kwa karibu saa mbili hakuinua kichwa. Alishona paja, akaunyoosha mguu uliovunjika na kuufunga plasta ngumu.

Gharama ilikuwa shilingi 90,000. Tulikuwa na 60,000. Alisema tulete zilizobaki siku ya kutoa nyuzi, wala hakuandika popote.

Jumapili jioni simu ikalia. Ni yeye, anauliza kama mgonjwa amekula na kama amekojoa. Baada ya simu ile tulikaa kimya kidogo. Tulijua wenyewe wagonjwa wa usharika ambao hatukuwapigia simu mwezi ule.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo ndipo tulipokuwa tumetoa ile bahasha isiyo na sababu. Tulidhani mambo yameishia hapo. Lakini kijijini hakuna siri, na Jumanne alikuja bibi mmoja mjane. Tulijiandaa kusutwa. Yeye akauliza kwa sauti ya chini, "Baba Mchungaji, ni kweli mlimpeleka mbwa kwa daktari?" Tukakiri. Akaanza kulia. Punda wake, aliyembebea maji kwa miaka 11, alikuwa amekufa wakati wa kiangazi kwa kidonda cha mgongoni. Alimlilia peke yake, mlango umefungwa, akidhani ni dhambi. "Nilijua kanisani haviletwi vitu kama hivyo," alisema.

Alijulia wapi? Kwetu. Tumehubiri mara nyingi juu ya Nathani na Daudi, 2 Samweli 12, na kila mara tumekimbilia dhambi ya mfalme. Tulimpita yule maskini aliyemlisha mwanakondoo wake sehemu ya chakula chake mwenyewe na kumlaza kifuani. Nathani hakumcheka mtu yule. Alitegemea kwamba hata mfalme ataelewa uchungu wake, na Daudi aliuelewa upesi, akawaka hasira.

Siku ya Mavuno tulitoa bahasha nyingine, safari hii yenye sababu. Mzee wa kanisa aliisoma kwanza kimoyomoyo, akatutazama, ndipo akasoma kwa sauti. Vijana wa kwaya walicheka. Bibi yule hakucheka.

Yule msharika aliyeuza kuku bado anatujia akilini, na hatuna jibu zuri la kumpa. Tulichoweza ni kuanza kumtembelea mumewe kila Alhamisi. Daktari tulimmalizia 30,000 yake, tukampelekea na mkungu wa ndizi. Akauliza kama tumeununua mnadani. Simba anachechemea, lakini barabarani bado anatupokea. Bibi naye amepata punda mwingine. Namba ya daktari tumemwandikia kwa kalamu nene nyuma ya kalenda ya kanisa.