Wingi wa Kima Punju

Maisha yangu ya kazi katika misitu ya Unguja yameniachia hoja moja ninayoishikilia kuliko zote: idadi ya wanyama, peke yake, haisemi kama wako salama. Kima punju hana kwao pengine ila kisiwa hiki na visiwa vidogo vya kando yake. Wale wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970 hawakuzaana kiasi cha kuitwa akiba. Kwa muda mrefu tulipanga kazi tukiamini kwamba hawazidi elfu mbili na kitu. Sensa ya muongo wa 2010 ikaonyesha wapo zaidi ya 5,800. Watu walifurahi, na haki yao, ila wengi waliisoma kana kwamba kima wameongezeka karibu mara tatu. Kilichoongezeka ni bidii ya kuwatafuta. Sensa hiyohiyo ilikuta kwamba watoto wanaopona ni wachache, kwamba misitu minne iliyokuwa na kima haina tena hata mmoja, na kwamba makundi ya nje ya hifadhi ni madogo, majike yake machache. Kundi la namna hiyo linaweza kuonekana kila siku miembeni na bado likawa linakwisha. Unguja tumeshayaona: chui wetu aliwindwa kwa juhudi rasmi baada ya Mapinduzi, na leo hakuna ushahidi unaokubalika kwamba yupo.

Kwa upande wa kima, Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, imefanya kazi yake. Anayesema haina maana atazame ukubwa wa makundi ya ndani na ya nje. Lakini ina kilomita za mraba 50 hivi tu, na kima hajui mpaka. Wakulima wana hoja yao ya zamani: kima anakula nazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kutoka mashamba ya karibu na Jozani ulikuta kuwa anachokula ni vidaka, ambavyo mnazi wenyewe huangusha vingi, na kwamba mavuno hayakupungua. Palipoliwa zaidi hata yalikuwa mazuri zaidi. Nimeutegemea sana utafiti huo, lakini siukubali utumiwe kumnyamazisha mkulima. Ulihusu minazi. Haukupima matunda wala mazao mengine, na hasara ya mtu haifutwi kwa hesabu ya zao jingine.

Wapo wanaosema basi hifadhi ipanuliwe, watu watolewe. Hao hawajatazama kima anaishi na nini huko nje. Anakula majani ya miembe na mikungu, miti iliyopandwa na watu, na ili majani hayo yasimdhuru huokota makaa matanuuni na kuyatafuna (wachoma mkaa wanamjua vizuri kwa wizi huo). Ukiliondoa shamba hurudishi msitu. Unaacha vichaka vya maweni vikatwe kuni za kupikia mjini. Ninachokitetea ni mwenye miti alipwe kwa kuiacha isimame. Wakulima wanaopakana na Jozani hupata mgao wa mapato ya wageni, na sioni sababu ya mgao kuishia mpakani ilhali kima anaendelea mbele. Itasemwa fedha hazitoshi. Huenda, lakini si kila dawa ni ghali: matuta yaliyowekwa barabarani Jozani yalipunguza vifo vya kima kwa magari bila kumgharimu mkulima hata mche mmoja. Na anayetaka kujua kama malipo yanafaa aache kuulizia jumla ya kisiwa kizima. Ahesabu majike katika makundi ya mashambani, kisha arudi mwaka wa pili kutazama ni watoto wangapi wameacha kunyonya.