Leeds: Siku Mbili Pamoja na Wacheza Upanga

Mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, haumo katika orodha ya miji ambayo watu wa pwani yetu huitaja wanapozungumzia safari za Ulaya. Kutoka stesheni ya King's Cross jijini London, garimoshi huchukua saa mbili na kitu kufika huko. Ni mji uliotajirika kwa sufu na viwanda vya nguo, na majengo yake ya matofali mekundu bado yanaisimulia enzi hiyo. Waislamu ni wengi, maduka ya nyama ya halali hayatafutwi kwa tochi, na Leeds Grand Mosque umo ndani ya jengo ambalo hapo kale lilikuwa kanisa.

Tulikwenda huko baba, mama na binti mdogo, kumzuru binti yetu mkubwa anayesomea uhandisi. Alikuwa ametuarifu kwamba amejiunga na chama cha watu wanaojifunza mchezo wa upanga wa kale wa Ulaya, na kwamba Jumamosi na Jumapili hiyo kungekuwa na mkusanyiko wao. Msomaji ataelewa kwamba mzazi akisikia bintiye ameshika upanga katika nchi ya watu, usingizi humpaa. Tukakubaliana kwamba kabla ya kutoa idhini au kuizuia, tukajionee kwa macho yetu.

Mkusanyiko ulifanyika katika ukumbi wa michezo wa shule. Hapakuwa na bendera wala mavazi ya kifalme, wala watu waliojifanya mabwana wa zama za kale. Walikuwapo watu wapatao sitini: wauguzi, madereva, wanafunzi, mafundi wa kompyuta, na bibi mmoja mwenye mvi aliyestaafu kazi ya maktaba. Kila mmoja alivaa koti nene la tabaka kadhaa za kitambaa, glavu ngumu, kinga ya koo, na barakoa ya wavu wa chuma. Binti yetu mdogo alicheka aliposikia tukiiita barakoa, kwa kuwa barakoa aijuayo yeye ni ile ya bibi zetu wa zamani. Kwa upande wa sitara, tuliridhika mapema: mwili wote umefunikwa, na mtandio uliofungwa vyema hukaa chini ya barakoa hiyo bila taabu.

Panga zenyewe tulizishika. Upanga mrefu, ule wa mikono miwili, una urefu unaozidi mita moja, lakini uzito wake ni kilo moja na nusu hivi. Sisi tuliodhani chombo hicho kinataka mabega ya mchukuzi wa bandarini tulistaajabu kuona jinsi kinavyogeuka kwa wepesi mkononi. Makali yake ni butu na ncha imekunjwa au kuviringwa, ili ikimgusa mtu isimchome.

Darasa la asubuhi liliongozwa na mama wa makamo ambaye siku za kazi hufundisha hisabati. Hakuanza na upanga. Alianza na kitabu. Juu ya meza ndefu kando ya ukumbi zilipangwa nakala za picha za maandiko ya kale, na wanafunzi wakaizunguka kama watoto wa chuoni wanavyomzunguka mwalimu. Kitabu alichokifungua hujulikana kwa namba yake ya maktaba tu, I.33. Kiliandikwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 14, kwa Kilatini, kikiwa na majani 32 ya ngozi, nacho ndicho kitabu cha kale zaidi cha elimu ya upanga wa Ulaya kinachojulikana kusalia. Ndani yake padri anamfundisha mwanafunzi wake upanga na ngao ndogo ya mkononi. Mikao ya kujihami ni saba, na kila mmoja una namba: wa kwanza chini ya kwapa, wa pili bega la kulia, wa tatu bega la kushoto, wa nne juu ya kichwa, wa tano ubavuni kulia, wa sita kifuani, na wa saba upanga umenyooshwa mbele.

Kisha akafunua jani la mwisho. Pale mwanafunzi wa kiume hayupo tena. Anayekabiliana na padri ni mwanamke mwenye gauni refu, upanga na ngao mkononi, na jina lake limeandikwa: Walpurgis. Hakuna maelezo ya alikuwa nani wala alifikaje hapo. Lakini anapigana kwa ustadi uleule, na mchoraji hakumfanyia mzaha. Binti yetu mkubwa alitutazama bila kusema neno. Tulielewa kwamba picha ile ilikuwa imemvuta kuliko mawaidha yoyote ya wenzake. Nasi tulimkumbusha jina lililo karibu zaidi na nyumba yetu, Bi Nusayba binti Kaab (r.a.), aliyeshika upanga siku ya Uhud kumlinda Mtume (s.a.w.).

Wanafunzi walipogawanyika wawili wawili kujaribu somo, tuliona jambo ambalo hatukulitarajia. Walibishana. Si kwa hasira, bali kama wanazuoni wanavyobishana juu ya ibara. Huyu alisema mguu wa kulia hutangulia, yule akasema la, tazama kivuli cha vazi. Wakarudi mezani, wakainamia picha, wakarudi uwanjani. Mwalimu aliulizwa swali, naye akajibu kwamba hajui. Baadaye, tulipokunywa chai pamoja, alitufafanulia. "Picha inaonyesha mwanzo na mwisho," alisema. "Kilichopita katikati tunakibuni. Laiti ningempata mtu mmoja tu aliyefundishwa na mtu aliyefundishwa na yule padri."

Hapo ndipo tulipotambua msiba ulio nyuma ya mchezo huu. Elimu hii ilikuwa na mashekhe wake. Mwanzoni mwa karne ya 15, Fiore dei Liberi wa Italia alimwandikia mtawala wa Ferrara kitabu chenye picha za mieleka, jambia, upanga na mkuki. Katika ukurasa mmoja alichora mwili wa mtu umezungukwa na wanyama wanne: simbamangu kwa busara, chui milia kwa wepesi, simba kwa ushujaa, na ndovu aliyebeba mnara kwa uthabiti. Joachim Meyer, fundi wa visu wa Strasbourg, alichapisha kitabu kikubwa mwaka 1570, akafariki mwaka uliofuata akiwa na deni la kukichapisha. Kisha bunduki zikatawala vita, upanga mwembamba wa mabwana ukashika fasheni, na walimu wa mitindo ya kale wakafa mmoja baada ya mwingine bila kuacha wa kuwapokea. Mwishoni mwa karne ya 19 Waingereza wawili, Egerton Castle na Alfred Hutton, walijaribu kuifufua sanaa hiyo kutoka vitabuni, lakini juhudi zao zilififia baada yao. Ni katika miaka ya 1990 tu ndipo vikundi vya Ulaya na Marekani vilipoanza tena, na intaneti ikazitoa picha za vitabu hivyo kabatini na kuzifikisha kwa kila anayetaka.

Sisi tuliolelewa katika madrasa tunajua maana ya jambo hili. Tangu utotoni tumefunzwa kwamba elimu hupokewa kinywani mwa mwalimu, naye aliipokea kwa mwalimu wake, mpaka mwanzo wa mnyororo. Pale Leeds tuliwaona watu wenye akili na bidii wanaoshika ncha mbili za mnyororo uliokatika, na katikati hakuna kitu.

Adhuhuri ilipoingia tulipewa darasa tupu la kuswalia, na mtu akatusogezea viti bila kuombwa. Chakula kilikuwa cha kila mtu kuleta chake. Sambusa zetu zilikwisha kabla ya mikate yao.

Mchana likaja lile lililotupeleka. Binti yetu alitaka kucheza. Jambo moja lilikuwa limetukwama kooni tangu asubuhi: kichwa ni shabaha halali katika mchezo huu, na dini yetu inatufundisha kuuepuka uso. Tulimwambia mwalimu waziwazi. Hakushangaa wala hakubishana. Alisema kila pambano hutanguliwa na makubaliano ya wachezaji, na mwanafunzi aweza kuomba kichwa kiachwe. Binti akapangwa na msichana mwenzake kutoka Scotland. Wakasimama, wakainua panga kwa heshima, wakakubaliana mbele ya mwamuzi: mikono na kiwiliwili tu.

Pambano lilidumu dakika tatu. Mama alishika tasbihi muda wote. Binti aliguswa mkononi mara mbili na yeye akamgusa mwenzake ubavuni mara moja, na kila aliyeguswa aliinua mkono mwenyewe kukiri kabla mwamuzi hajatamka. Uaminifu huo ndio uliotutuliza kuliko barakoa na glavu. Hukumu ya mchezo mzima tumewaachia wanaojua, na swali tumekwisha kulipeleka kwa sheikh wetu nyumbani. Kwa sasa idhini yetu ina masharti mawili, mwenza wa kike na uso usiguswe, na binti ameyapokea kwa moyo mkunjufu.

Jumapili tulikwenda Royal Armouries, jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1996 kando ya mto Aire, ambalo kuingia ni bure. Hapo ndipo kinapohifadhiwa kile kitabu cha Walpurgis. Binti mdogo alisimama muda mrefu mbele ya ndovu aliyevishwa deraya ya vipande vya chuma kutoka India ya Wamoghuli. Sisi wakubwa tulivutwa na panga za Kituruki na za Kiajemi. Ni vyombo vizuri, vinavyong'aa, na vimelala kimya nyuma ya vioo.

Njiani kurudi stesheni tulizungumzia kirumbizi. Wasomaji wetu wa Lamu hawahitaji kuelezwa: ngoma na zumari, duara la watu, na wanaume wawili wenye fimbo wanaoingia kati, wakizungukana, wakipiga na kukinga, kwenye arusi na wakati wa Maulidi. Tumeitazama tangu utoto tukiihesabu kuwa furaha ya siku tu. Hatukuwahi kujiuliza kama mikao yake ina majina, nani alimfundisha mzee yule hodari wa kukinga, wala ni kijana gani anayejifunza kwake hivi sasa. Hali yetu ni kinyume cha ile ya Leeds: wao wanavyo vitabu na wamekosa walimu, walimu wetu bado wako hai, wamekaa barazani, na kitabu hatuna.

Tunasema haya hasa kwa kina mama, kwa kuwa wazee hao ni baba zetu, wajomba zetu na babu wa watoto wetu. Simu ya mkononi iliyomo katika kila nyumba yatosha kumpiga picha mzee akionyesha jinsi ya kusimama na kukinga, na daftari la shilingi chache latosha kuandika majina anayoyataja. Hali kadhalika nyimbo za arusi, ufundi wa kushona kofia, na dawa za bibi zetu. Likizo ya shule inakaribia. Mtoto mmoja akitumwa kwa babu yake na daftari, akamwuliza maswali na kuyaandika majibu, atakuwa amefanya kazi ambayo wale sitini wa Leeds wangeilipia kwa gharama yoyote.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu umri mrefu wenye afya, na atupe sisi moyo wa kuwauliza wangali nasi. Amin.