Kumbe Kosa Halikuwa Mikononi Mwake

Leo nina la kuungama. Kwa karibu miaka miwili nilimlaumu mume wangu kwa kosa ambalo hakulifanya, na ushahidi niliokuwa nao ulikuwa sikio la marehemu baba yangu.

Ndiyo, sikio. Siku ya sendofu ya mdogo wangu, mume wangu alijitolea kupiga picha kwa lenzi yake mpya ya milimita 85, aliyoinunua baada ya kujibana miezi kadhaa. Akamkuta baba amekaa peke yake, anacheka, akampiga picha kumi na moja. Miezi mitano baadaye baba akafariki. Tulipotafuta picha ya kuweka mbele ya kanisa tukafungua zile. Zote hali moja: sikio safi kabisa, hata kinyweleo unakiona, lakini macho yana ukungu.

Nikasema maneno. "Yaani hata siku moja umeshindwa kutuliza mkono?" Hakunijibu. Akaifunga kamera kwenye begi, akaiweka juu ya kabati, ikala vumbi.

Mwaka jana nikamwonyesha picha moja kaka mmoja anayetupigia picha za gazeti. Aliitazama kidogo tu. "Dada, mkono ukitikisika picha nzima inavurugika. Hapa sikio limetoka vizuri. Fokasi imerukia nyuma. Hiyo lenzi haijawahi kupimwa na kamera yake."

Nilikuwa sijui kama vitu hivyo hupimwa. Akanieleza. Kamera yetu ni ile yenye kioo ndani. Ukichungulia kwenye kidirisha chake, fokasi hailengwi na sensa inayopiga picha. Sehemu ya mwanga hushushwa kwenye sensa nyingine ndogo, na hiyo ndiyo inayoiambia lenzi isimame wapi. Sensa zote mbili zinatakiwa zione umbali uleule. Zikipishana hata kidogo, au lenzi ikiwa na tofauti yake ya kiwandani, fokasi inaangukia mbele au nyuma ya pale ulipolenga. Kwa lenzi iliyobanwa huwezi kugundua. Lakini milimita 85 iliyofunguliwa hadi f/1.8, kwenye kamera ya sensa kubwa, mita 2 kutoka kwa mtu, inakupa kama sentimita 6 tu za usafi. Jicho na sikio haviwezi kuenea humo.

Nikarudi nyumbani nikalishusha begi mwenyewe. "Baba watoto, njoo tupime kitu." Alinitazama kama mtu anayeitwa polisi.

Tuliweka kamera kwenye stendi, dirishani penye mwanga wa kutosha. Kama mita 4 mbele tukasimamisha boksi la viatu lenye maandishi, na pembeni yake rula imelala kwa mshazari. Lenzi tukaifungua yote. Picha za kwanza tukalenga kwa kioo cha nyuma, maana hapo kamera hutumia sensa ileile ya picha. Maandishi yakatoka safi. Kisha tukalenga kwa kidirisha, mara tano, kila mara tukiivuruga fokasi kwanza. Mara zote tano maandishi yakafifia, na rula ikawa safi nyuma ya boksi.

Hapo ndipo unapojua kwamba ni suala la kurekebisha: kosa ni lilelile, upande uleule, kila mara. Fokasi ikirukaruka, leo mbele kesho nyuma, usiguse menyu. Tafuta sababu nyingine. Na kama hata kwa kioo cha nyuma picha ni mbovu, mpelekee fundi.

Tangu mwaka 2007 Canon na Nikon walianza kuweka marekebisho hayo kwenye baadhi ya kamera zao, kutoka -20 hadi +20, na kila lenzi hupewa namba yake. Yetu ilitulia kwenye -8. Kamera zisizo na kioo hulenga kwa sensa ya picha yenyewe, hivyo ugonjwa huu hauzisumbui sana.

Mume wangu aliitazama ile -8 kwa muda mrefu. "Kumbe," akasema. Neno moja tu. Nikamwomba msamaha palepale sakafuni, rula ikiwa mkononi. Picha za baba hazitengenezeki tena, hilo tumelikubali. Lakini ile miaka miwili ya ukimya tungeweza kuikwepa kwa boksi la viatu na nusu saa.

Basi, mpenzi msomaji, mwenzako akikosea namna ileile kila siku, kabla hujamwambia hajali, hebu kaeni chini mpime pamoja. Huenda kuna kitu kidogo hamjawahi kukiangalia.

Jumapili iliyofuata mama alikuja kula. Mume wangu akampiga picha akimenya chungwa. Macho yake yote mawili yamo.