Hadithi ya bibi ni ya nani?

Najua nilipotea. Nilikuwa BTP huko kwetu Tandahimba, na kule nilikopangiwa ukipata mtandao chaji imekwisha, ukipata chaji mtandao umeondoka. Sasa nimerudi kampasi na vumbi langu, na leo nataka tuongee kuhusu kazi ya mtu mwingine na namna ya kuitumia. Sisi walimu watarajiwa tunafundishwa jambo hili kwa saa mbili, tunalijibia mtihani, basi limekwisha.

Hapa chuoni tuna neno letu, desa. Desa linapita mkono kwa mkono, likifika kopi ya tatu jina la aliyeliandika limeshafutika, na hakuna anayeuliza. Ukimwambia mtu ataje alikotoa anakuona una maringo. Ndiyo hali tunayotoka nayo kwenda kufundisha watoto wa watu.

Basi bwana, kule nilipewa Kidato cha Tatu, Kiswahili, mada ya fasihi simulizi. Nikaona badala ya kuwasomea mifano ya kitabuni ambayo wameshaichoka, kila mmoja aende nyumbani akakusanye hadithi moja kwa mtu mzima. Zikaja karatasi 41. Nzuri sana jamani, nilicheka peke yangu usiku. Ila karibu kila karatasi juu iliandikwa "Imetungwa na", halafu jina la mwanafunzi.

Nikawauliza darasani, hii umetunga wewe? Binti mmoja akanijibu bila kusita, "Madam, si mimi ndiye niliyeandika?"

Swali la haki kabisa. Kuandika ni kazi, tena kazi ngumu, lakini aliyeandika na aliyetoa ni watu wawili. Nikawarudisha nyumbani na maswali manne: nani amekusimulia, kijiji gani, yeye aliisikia kwa nani, na anakubali iandikwe?

Hapo ndipo somo lilipoanza. Yule binti alirudi na maneno ya bibi yake kwamba hadithi alipewa na mama yake mzazi wakati wakibangua korosho, kwa hiyo majina yawe mawili, la mama kwanza. Kijana mwingine alirudi mikono mitupu. Babu yake alimwambia ile aliyoiandika ni ya jando, haitoki nje kwa watu ambao hawajapita huko. Karatasi akaichukua mwenyewe akaenda nayo. Nilimpa alama nzuri kuliko wengi, maana alikuwa ameuliza na akaheshimu jibu.

Mambo yalikuja kuwa magumu ofisini kwa walimu. Hadithi ziliwapendeza, likaja wazo la kuchapa kijitabu kiuzwe kwenye mahafali kwa shilingi 2,000. Wazo zuri. Lakini jaladani liwekwe jina la shule tu, na majina ya wasimuliaji yaachwe kwa sababu yanajaza kurasa. Mwalimu mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, akasema, "Mwanangu, hadithi za sungura hazina mwenyewe."

Nilimjibu kwa adabu kwamba hapo amepatia nusu. Ni kweli sungura hana mwenyewe. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu anapotunga, hata kama hajasajili popote, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Hadithi ya mababu haina mtunzi wa kumhesabia miaka hiyo. Lakini sheria hiyohiyo ina sehemu ya sanaa za jadi: ukitaka kuzitumia kwa faida, nje ya mazingira yake ya asili, unatakiwa kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa. Kwa hiyo "haina mwenyewe" si sawa na "chukua tu".

Nikampa mfano wa vinyago, maana sisi Wamakonde ndiyo tunajulikana navyo. Samaki Likankoa anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo wa shetani miaka ya 1950 kule Dar. Leo wachongaji wengi wanachonga shetani na hawavunji sheria, kwa sababu mtindo haumilikiwi. Kinachomilikiwa ni kazi yenyewe, kile kinyago alichokitoa fulani kwenye gogo lake la mpingo. Ukikipiga picha ukaiweka kwenye fulana ukauza bila kumuuliza, hapo umeingia shambani kwake. Na hata pale sheria inapokuruhusu, kumtaja Likankoa hakukupunguzii kitu.

Kuna na kile kinyago kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na kilirudishwa Tanzania mwaka 2010 baada ya mazungumzo ya miaka mingi. Nilishangilia kama kila mtu. Lakini katika habari nilizosoma niliona majina ya makumbusho, majina ya wakubwa waliotia saini, na kabila letu. Jina la aliyekichonga sikuliona popote. Kitu kikiondoka bila jina, hata siku kikirudi nyumbani hujui ukipeleke mlango gani.

Mwalimu yule alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, andikeni majina."

Hilo likapita. Kila hadithi itakuwa na jina la msimuliaji na kijiji chake, na yeye atapewa nakala moja bure. La fedha halikupita. Shule inataka mapato yanunue vitabu vya fasihi, na sababu yao naielewa: darasa langu lilikuwa na nakala tatu za Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, watoto zaidi ya 60. Jibu la haraka ni kwenda steshenari kutoa kopi kitabu kizima. Lakini Profesa Mbogo naye ni mtunzi kama bibi wa kule kijijini, tofauti ni kwamba jina lake liko jaladani. Nilichofanya ni kuwagawa makundi, wakasoma kwa zamu kwa sauti. Inachosha, inachelewesha, ila inawezekana. Kununua vitabu vya mtunzi mmoja kwa jasho la watunzi wengine wasiolipwa, hilo bado linanisumbua. Nimeondoka halijaamuliwa.

Kwa wenzangu mnaoingia darasani mwakani, haya ndiyo niliyowaachia wanafunzi wangu ubaoni. Kunukuu kidogo kwa ajili ya somo ni halali, mradi utaje mtunzi na chanzo. Kitabu kizima si kidogo. Picha uliyoikuta kwenye simu ina aliyeipiga. Kubadilisha maneno mawili matatu si kutunga. Na kama mwenyewe yuko hai na nyumba yake unaijua, nenda kaulize, usijifanye huijui njia.

Jambo la mwisho halimo kwenye sheria yoyote. Wazee wetu hawakuwa na hati, lakini wengi wao wakianza kusimulia husema wamesikia kwa nani. Bibi wa yule binti hajasoma hata darasa moja, na alijua kumtanguliza mama yake. Sisi wa shahada tunashindwa nini?

Kwa leo naishia hapa, asainmenti inaningoja. Sitadesa, naapa. Alamsiki.